Ukuta wa Kalenga na Jina la Iringa

Wasomaji wengi wa Nyanda za Juu hutamka jina la Iringa kila siku, wala hawafikiri maana yake. Jina hilo si la mto, si la mlima, wala si la mtu. Ni jina la jengo. Katika Kihehe lilinga ni ngome, yaani mji uliozungushiwa ukuta; nalo neno hilo, lilipopita katika vinywa vya wageni na katika kalamu zao, likawa Iringa. Walakini ngome yenyewe haikuwako pale ulipo mji wa Iringa leo. Ilikuwako Kalenga, mwendo wa saa tatu hivi kwa miguu upande wa magharibi, kando ya Ruaha Mdogo. Mji ulihama, jina likaufuata, na ukuta ulioleta jina ukabaki nyuma mashambani.

Niliwahi kuwachukua watoto wa darasa la juu tukaenda Kalenga kuutazama ukuta huo. Njiani walizungumza habari za minara na malango, maana walikuwa wameona picha za ngome za Ulaya na za pwani. Tulipofika walisikitika. Mmoja aliniuliza, “Mwalimu, ukuta wenyewe uko wapi?” naye alikuwa amesimama juu yake. Kwa maana kilichobaki sehemu kubwa ni tuta la udongo na mawe, lenye majani, mtu aweza kulivuka asijue kwamba amevuka kitu. Basi neno lake lilinikaa moyoni, nikaona ni vema kuandika habari za jengo lile: lilijengwaje, lilijengwa kwa nini, na kwa nini limekwisha hali majengo mengine ya mawe, ya kale kuliko hilo kwa mamia ya miaka, yamesimama hata leo.

Kwanza tutazame nyumba za Wahehe za zamani zile, maana ukuta ule ulizunguka nyumba, haukuwa kitu cha peke yake. Wahehe walikaa katika tembe. Tembe si msonge, haina duara. Ni nyumba ndefu ya pembe nne, kuta zake ni miti iliyosimamishwa karibu karibu na kukandikwa udongo, na dari yake ni bapa: magogo hulazwa juu ya nguzo, juu ya magogo fito, juu ya fito majani, na juu ya yote udongo uliopondwa ukashikana. Mara nyingi tembe zilijengwa kuzunguka ua, ng’ombe wakalala katikati. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Uhehe mwaka 1879, aliziona tembe hizi, na Mfaransa Victor Giraud aliyepita mwaka 1883 kadhalika. Nyumba ya namna hii ina faida kubwa katika nchi ya upepo na baridi, tena haishiki moto upesi kama nyumba ya majani. Adui akitupa kinga cha moto juu ya dari ya udongo, kinazimika. Huenda vijana wa siku hizi wakacheka tembe kwa kuwa ni fupi na yenye giza. Lakini aliyeibuni aliijua nchi yake.

Wakati ule nchi hizi zilikuwa katika vita. Wangoni walikuwa wametoka kusini na kupigana na kila mtu. Wahehe na Wasangu walipigania ng’ombe na mipaka. Mtwa Munyigumba, aliyewaunganisha Wahehe wakawa nchi moja, alikufa karibu na mwaka 1879, na baada ya mapigano ya ndani mwanawe Mkwawa akashika nchi. Katika hali hiyo mji usiokuwa na boma haukulala usingizi. Wasangu walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1877 Mwingereza Elton, balozi wa Uingereza kule Msumbiji, alipopita Usangu alijikuta ndani ya mji wa Merere uliozingirwa na adui, ikambidi kungoja na kupigana pamoja na wenyeji mpaka njia ikafunguka. Baadaye ukoo wa Merere, uliposukumwa na Wahehe, ulihamia Utengule ya upande wa Mbeya, ukajijengea boma la ukuta wa mawe. Kwa hiyo Mkwawa hakuwa mtu wa kwanza wa nchi hizi kujikinga kwa mawe. Alichofanya yeye ni kulifanya jambo hilo kwa ukubwa ambao haujapata kuonekana Uhehe.

Kazi ya ukuta wa Kalenga ilianza katika miaka ya baada ya 1885, nayo ilichukua miaka kadhaa. Ulijengwa kwa mawe na udongo. Ulipita kimo cha mtu aliyesimama, na mzunguko wake ulikuwa mwendo wa maili nzima na zaidi. Ndani yake zilikuwamo tembe za mtwa na za wakubwa wake, nyumba za askari, mazizi, na ghala za pembe na baruti.

Tuliporudi shuleni niliwapa watoto hesabu ubaoni, maana naona mtu haelewi jengo mpaka amelipima. Tuseme, kwa mfano tu, ukuta wa maili moja, kimo chake futi 8, unene wake futi 3. Maili moja ni futi 5,280. Ukizidisha, wapata futi za ujazo 126,720. Futi moja ya ujazo ya mawe na udongo haipungui ratili 120, na mzigo wa mpagazi kwa desturi ni ratili 60. Basi hiyo ni mizigo zaidi ya 250,000, yaani laki mbili na nusu. Wakichukua watu 100, na kila mmoja akileta mizigo 10 kutwa, itawapasa kufanya kazi siku zaidi ya 250 wakileta mawe na udongo tu, bila kuhesabu waliochimba msingi, waliokanyaga udongo, waliochota maji, na waliopanga jiwe juu ya jiwe. Nao ni ukuta wa maili moja tu. Watoto walikaa kimya. Kijana mmoja aliuliza ni nani aliyelima mashamba ya watu hao. Naliona swali lake ni bora kuliko hesabu yangu. Kazi ya namna hii haifanywi na jamaa moja wala kijiji kimoja; yahitaji mtu awezaye kuamuru nchi nzima na kuilisha wakati wa kazi. Ukuta ule, kabla ya kuwa kinga, ulikuwa ushuhuda wa nguvu za mtwa. Kila aliyepita aliujua.

Sasa nitasema juu ya ujenzi wenyewe, maana hapo ndipo ilipo siri ya kuanguka kwake. Jiwe peke yake halijengi ukuta. Ni lazima kiwepo kitu cha kulishika, au jiwe lenyewe liwe la umbo la kukaa. Kule Zimbabwe, kusini, ziko kuta kubwa za kale zilizojengwa bila udongo wala chokaa, nazo zimesimama zaidi ya miaka mia tano. Sababu yake ni kwamba jiwe la nchi ile hupasuka katika vipande bapa, kama matofali yaliyokatwa na Mungu, na mafundi wakavipanga safu kwa safu, uzito wa kila safu ukiishika safu ya chini. Kule pwani yetu, Kilwa Kisiwani, liko jumba la Husuni Kubwa lililojengwa zamani za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, katika karne ya kumi na nne. Mafundi wa pwani hawakuwa na jiwe bapa. Walikuwa na jiwe la matumbawe litokalo baharini. Lakini walikuwa na chokaa. Matumbawe yale yale yakichomwa katika tanuru la kuni hugeuka kuwa chokaa, nayo ikichanganywa na mchanga na maji hushika mawe hata yakawa kama jiwe moja. Kwa ajili hiyo mtu akienda Kilwa leo aona bado kuta na matao.

Hapa penye mwandiko wangu wasomaji wa pwani watasema, basi kwa nini vyumba vya nyumba zao za mawe ni virefu na vyembamba? Jibu ni boriti. Dari ya nyumba ya mawe ya pwani hulala juu ya miti ya mikoko, na mti wa mkoko wa kufaa haubebi dari kwa upana mkubwa. Ukipita hatua tatu hivi wapinda. Kwa hiyo tajiri wa Lamu au wa Unguja aliweza kujenga chumba kirefu alivyotaka, lakini upana alipimiwa na mti. Jambo hili nimelitaja kwa kuwa ni vile vile na tembe ya Uhehe, ambayo nayo hurefuka wala haipanuki. Mjenzi wa kila nchi huagizwa na vitu vya nchi yake.

Basi ukuta wa Kalenga haukuwa na chokaa. Udongo ulishika mawe yake. Na udongo, wakati wa jua, hushika vizuri sana. Fundi mwenye haraka aweza kudhani amejenga kwa saruji. Lakini adui wa udongo ni maji. Mvua ikipiga juu ya ukuta usiofunikwa, maji huingia kati ya mawe, hulainisha udongo, nao huteremka kidogo kidogo. Jiwe la juu hutikisika, kisha huanguka, na shimo alilolitoka huwa mfereji wa mvua ya pili. Mimi mwenyewe nilipata hasara ya namna hii. Tulimpa fundi mmoja kazi ya kujenga ukuta wa bustani kwa mawe na udongo, naye akaacha kichwa cha ukuta wazi, akasema jua litaukausha. Masika moja tu ilitosha. Ukuta wa udongo hudumu ukiwa na mwenyewe: mtu wa kuukandika kila mwaka baada ya mvua, na kuufunika kichwa. Siku mwenyewe akiondoka, ukuta huanza safari ya kurudi ardhini. Wa Kalenga aliondoka mwenyewe tarehe 30 Oktoba, 1894.

Habari za siku hiyo zahitaji kutanguliwa na habari nyingine. Tarehe 17 Agosti, 1891, jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani, likiongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, lilikuwa likipita Lugalo, mashariki ya Iringa. Wahehe walikuwa wamelala majanini na nyuma ya mawe. Walipopewa ishara waliruka kwa mikuki, na katika muda mfupi Zelewski na Wazungu wengine, jumla yao 10, na askari wengi na wapagazi wakawa wameuawa. Hapana ukuta wa Lugalo. Hapana ngome. Kilichowashinda Wadachi ni majani, mawe ya mwituni, njia nyembamba, na watu walioijua nchi, wepesi wa miguu, ambao adui hakujua wako wapi.

Miaka mitatu baadaye Gavana von Schele alikuja mwenyewe na jeshi, na safari hii Wahehe walikuwa ndani ya ukuta. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, nami naona, ijapokuwa wako wazee watakaonikataza, kwamba ukuta ndio uliomponza mtwa. Tufanye hesabu nyingine. Kuulinda ukuta wa maili moja, ukiweka mtu mmoja kila futi 6, wahitaji watu 880. Wa maili mbili wahitaji 1,760, nao hawawezi kuondoka mahali pao mchana wala usiku, kwa maana hawajui adui atakuja upande gani. Lakini yule adui ajua. Yeye huchagua mahali pamoja, penye ukuta mfupi au ulinzi hafifu, akawapeleka watu wake wote hapo. Askari wa von Schele walihesabiwa kwa mamia, si kwa maelfu. Katika vita vya majanini wangaliweza kupotea kama wale wa Lugalo. Mbele ya ukuta mrefu walitosha. Walipiga kambi karibu, wakachungua, na asubuhi ya tarehe 30 wakapanda ukuta wakaingia. Kukawa na mapigano makali ndani ya mji, kutoka nyumba hata nyumba, kwa maana kila tembe ilikuwa ngome ndogo. Na hapo tembe ziliwachelewesha Wadachi kuliko ukuta wenyewe. Mwisho mji ukatekwa. Mkwawa akatoka akaenda zake porini. Wadachi walikuta pembe nyingi, baruti nyingi, na silaha zao wenyewe zilizotekwa Lugalo. Kisha wakaibomoa ngome.

Mji mkubwa wa Konstantinopoli nao uliaminiwa kwa kuta zake zaidi ya miaka elfu, na majeshi mengi yalivunjika mbele yake, mpaka mwaka 1453 Waturuki walipoleta mizinga mikubwa. Ukuta hujengwa kwa ajili ya adui ajulikanaye. Wa Kalenga ulifikiriwa katika siku za Wasangu na Wangoni, watu wa mkuki na ngao, nao kwa hao ungalitosha kabisa. Si haki kumwita Mkwawa mjinga kwa kuwa alijenga. Wakati alipouanza, Wadachi walikuwa bado ni habari ya pwani.

Tena aangalie msomaji kilichofuata. Mkwawa alipokuwa hana ukuta tena, aliwasumbua Wadachi karibu miaka minne, akilala hapa leo na kesho kwingine, watu wakimlisha kwa siri. Wadachi ndio walioanza kujenga. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince, ambaye watu walimwita Sakarani, alianzisha kituo cha jeshi juu ya kilima, penye mji wa leo, ndiyo Iringa Mpya. Mkwawa hakukamatwa hai. Tarehe 19 Julai, 1898, huko Mlambalasi, alipozungukwa, alijipiga risasi. Kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe, nacho kikarudi mwaka 1954, Gavana Twining akakileta, kikapokewa na Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Kimewekwa Kalenga, katika nyumba ya makumbusho, karibu na mahali ukuta ulipokuwa.

Majina ya mahali pa huku yamejaa mawe. Juu ya mji wa Iringa liko jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, maana yake jiwe linenalo. Wazee husimulia kwamba Mkwawa alipanda hapo kutazama nchi. Upande wa Kalenga uko mlima wa Tosamaganga, na maganga ni mawe. Wenyeji husema jina hilo ni kutupa mawe, kwa kuwa Wadachi walitupa mizinga kutoka juu yake ukutani mwa Kalenga, na watu wasiojua mizinga wakaona ni mawe yaliyotupwa. Mimi siwezi kuiapia hadithi hii. Mapigano yaliamuliwa na watu waliopanda ukuta, si na mizinga iliyotupwa mbali. Lakini watu walioubeba ukuta ule mzigo kwa mzigo hawakutaka kusema kwamba uliruka tu kama kitalu cha mbuzi; ilikuwa heshima zaidi kusema ulipigwa kutoka mlimani.

Wadachi nao walijenga kwa mawe. Mtu akifika mjini Iringa aona bado baadhi ya majengo yao, na moja, lile Boma, lenye kuta nene za mawe, lilitumiwa na serikali moja baada ya nyingine, na tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Nilipowapeleka watoto humo waliligonga kwa ngumi, wakafurahi, maana hapo palikuwa na ukuta wanaoweza kuuona. Mmoja wao alisema kwamba Wadachi walijua kujenga kuliko Wahehe. Nilimwambia afikiri kwanza juu ya kichwa cha ukuta. Boma lina paa, na tangu lijengwe halikukosa mtu wa kulitengeneza paa hilo. Wenyewe wamebadilika, lakini hakuna hata mmoja aliyelibomoa. Wa Kalenga ulibomolewa kwa makusudi, ukaachwa wazi kwa mvua za miaka zaidi ya mia moja na ishirini, na juu ya hayo watu wakalima. Mawe yake mengine, nadhani, yako katika misingi ya nyumba za jirani, na mengine yameinua mafiga ya kina mama.

Tuta bado lipo. Kwa kulijua tafuta mahali pasipo miamba ambapo mawe yamelala kwa mstari, majani yakiwa mafupi kuliko ya pembeni kwa kuwa udongo ni haba. Ukiufuata mstari huo utageuka nao, polepole, wala hautakutupa mtoni bali utakupeleka kando yake. Safari ya pili tuliyokwenda, watoto waliupima kwa hatua, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, mpaka ukaingia katika shamba la mahindi lililokuwa limechanua, na mwenye shamba akatuomba tusipite. Tuliandika hatua tulizozipata, tukarudi.